Mashine ya Chokaa

Mwezi uliopita tulimzika Masunga kule Mkula. Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alisimama karibu na jeneza akiwa na karatasi yake, akasoma kwamba marehemu alizaliwa, alisoma, kisha "akajiunga na chuo cha ufundi mjini Bariadi na kuhitimu ufundi wa mitambo." Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa chini ya turubai, upande wa masufuria. Niliwatazama watu. Hakuna aliyeshtuka, na kwa nini washtuke? Ila mbele yangu alikuwepo Sayi, ambaye naye nilimfundisha darasa moja na marehemu, leo ni mzee mwenye gereji yake na kitambi chake, na Sayi akageuza shingo, akanitazama mara moja, akarudisha uso mbele. Masunga hakuhitimu. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake. Sikusema kitu, maana msibani mtu hasimami kusahihisha karatasi, lakini njiani kurudi, nimekaa dirishani kwenye basi, nilijiuliza kama nilinyamaza kwa heshima au kwa mazoea. Katika jambo hili nimezoea kunyamaza. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Ya wazazi wangu na ya utoto wangu siyaandiki hapa. Nataka mwaka mmoja tu, na ninalo daftari la mwaka huo, lile la jalada gumu tuliloliita kaunta buku, ambamo kila siku niliandika mistari miwili mitatu. Nimelisoma lote wiki hii. Halinisaidii kama nilivyotumaini. Limejaa hali ya hewa na chakula. "Jua kali. Tumekula michembe." Mambo makubwa nimeyapita kwa mstari mmoja, na siku baiskeli yangu ilipopata pancha nimeijazia ukurasa mzima. Kwa hiyo msomaji anivumilie. Nitakaposema nakumbuka, ni kichwa changu. Nitakaposema daftari linasema, ni daftari. Na pale viwili hivyo vinapogombana nitasema vinagombana, sitachagua kile kinachonipendeza.

Mimi niliishia darasa la saba. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka minane kwenye jineri ya ushirika, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, nikianza kwa kufagia mbegu chini ya mashine, nikaishia kuwa fundi wa kuzifungua na kuzifunga. Chuo cha ufundi kilipotaka mtu wa kufundisha ufundi wa jineri hawakupata mwenye vyeti aliyekubali kuja Bariadi, wakanichukua mimi. Bariadi ya wakati ule ilikuwa makao ya wilaya tu, chini ya Shinyanga. Hizi ofisi za mkoa na hizi bodaboda zinazokupigia honi mpaka mlangoni kwako hazikuwepo. Sikuwahi kufundishwa kufundisha. Asubuhi ya kwanza niliwaambia wanachuo, "Mwangaluka," kama ninavyosalimia nyumbani, wakaitika wote kwa sauti, "Mwangaluka!", kisha nikasahau kabisa nilichopanga kusema, nikafungua kisanduku cha spana nikaanza kuwaonyesha moja moja. Walikuwa kumi na wawili. Wengi walinizidi kimo. Masunga alikuwa na mke tayari.

Mwaka huo ndio mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliruhusiwa. Nilipanga chumba nyuma ya duka la Bi. Zuhura, mama mmoja ambaye babu zake walitoka Tabora, na ukuta kati yangu na baraza lake ulikuwa wa matofali mabichi, hivyo habari zote za soko huria mimi nilizipata nikiwa nimelala chali kitandani. Wakulima walikuwa wanakuja kununua chumvi na mafuta ya taa, wanakaa. "Pamba yako mwaka huu unampa nani?" mmoja anauliza. "Atakayetangulia kufika." "Na ushirika?" "Ushirika umelala." "Ukiamka?" "Ukiamka utakuta tumeshaosha sahani." Wanacheka. Mimi niliyekula ugali wa ushirika miaka minane sikucheka, lakini lazima niseme ukweli, hawakuwa watu wabaya wala wajinga. Walikuwa wamesubiri sana huko nyuma, na mtu aliyesubiri sana ana haki ya kumcheka aliyemsubirisha. Jioni Bi. Zuhura aliniita kwa sauti ya kupita ukutani, "Mwalimu wa mashine isiyoonekana! Njoo ule, dagaa wa Lamadi wanapoa." Nilikwenda, nikala, naye akaniuliza kila siku swali lilelile, kama jineri imefunguliwa. Kila siku nilimjibu, "Bado."

Hilo la jineri ndilo lililoharibu mwaka. Kozi yetu ilipangwa hivi: darasani miezi kadhaa, kisha wanachuo waende jineri ya ushirika msimu ukianza, wakazishike mashine kwa mikono yao, halafu mtihani, ule tuliouita tredi testi. Msimu ule ushirika haukuwa na pamba ya kuchambua, na jineri haikufunguliwa. Niliandika barua. Nikaenda mwenyewe mara tatu. Meneja alinipokea vizuri, akaniambia jambo liko mezani, na kwa kweli barua yangu niliiona pale mezani. Mlinzi wa getini, ambaye tulikuwa tunakula pamoja zamani, alinisikitikia akaniruhusu nichungulie kwenye tundu la mlango. Nikaziona mashine zimejipanga gizani, zimejaa vumbi, na juu ya ile niliyoifunga mimi mwenyewe njiwa alikuwa ameatamia. "Si ungeniachia ufunguo saa moja tu," nikamwambia. Akasema, "Ngosha, ufunguo wenyewe wamekuja kuuchukua." Nikarudi chuoni na mikono mitupu.

Kwa hiyo niliichora. Karakana yetu ilikuwa ghala la zamani lenye sakafu ya saruji, na pale chini nikachora kwa chokaa mashine moja ya kuchambulia pamba, ukubwa wake kamili, kama anavyoiona mtu aliye darini. Nilipima kwa hatua na kwa kumbukumbu ya mwili wangu. Hapa rola iliyovikwa ngozi inayovuta nyuzi, hapa kisu, hapa mbegu zinaangukia, hapa anasimama mlishaji. Na ubavuni, puli mbili zilizobanana: moja inazungusha mashine, ya pili inazunguka bure. Mkanda ukikaa kwenye puli ya kwanza, mashine inafanya kazi. Ukiusukuma kwa liva uende kwenye puli ya bure, mashine inasimama. Liva hiyo ndiyo uhai wa watu mle ndani, maana rola ikishika mkono wa shati haikuachii. Kwa kuwa liva ni kitu cha kushika na huwezi kushika mstari wa chokaa, nilisimika mpini wa jembe kwenye debe la mchanga, nikauweka mahali pake.

Si mahali pake. Hapa ndipo nataka kuandika taratibu. Kwenye mashine yenyewe, ukisimama pale mlishaji anaposimama, mkanda na liva viko kulia kwako. Lakini upande wa kulia wa karakana ile kulikuwa na shimo la kutengenezea magari, limefunikwa mbao zilizooza, na sikutaka mtu atumbukie akikimbilia liva. Kuigeuza mashine ielekee kwingine haikuwezekana kwa sababu ya nguzo. Nikaigeuza ubavu: puli, mkanda na liva nikaviweka kushoto, upande wa mlango. Lilikuwa jambo la busara, nililiona hivyo, na bado naona shimo lile lingemvunja mtu mguu. Nikawaambia wanachuo siku hiyohiyo, "Kumbukeni, kwenye mashine yenyewe hii yote iko kulia." Wakaitika. Sikulirudia tena. Daftari la siku hiyo linasema: "Nimechora mashine. Jua kali. Wanachuo kumi na mmoja." Kumi na mmoja, si kumi na wawili. Halisemi nani hakuwepo. Nimejaribu kukumbuka kiti kipi kilikuwa kitupu na siwezi. Huenda alikuwa Masunga, maana siku zile mkewe alijifungua. Huenda alikuwa mwingine, na Masunga alikuwepo akaitika pamoja nao. Kama hakuwepo, kosa langu ni kubwa zaidi. Kama alikuwepo, linapungua kidogo. Miaka yote hii nimekuwa nikilifungua daftari ukurasa huo kama mtu anayetegemea safari hii litajaza jina.

Baada ya wiki moja ile haikuwa michoro tena. Hakuna aliyeikanyaga. Sijui nani alianzisha, nadhani Sayi, ambaye alikuwa mvivu wa kazi na hodari wa utani: ukikanyaga ndani ya mistari, umekatika mguu, na mtu aliyekatika mguu anakwenda kuchukua chakula kwa kurukaruka na mguu mmoja mpaka jikoni, wenzake wakimpigia makofi. "Chechemea, ngosha! Chechemea, damu inachuruzika!" Bwana Kulwa, mkuu wa chuo, alipokuja na karatasi zake alizunguka kwa nje kama kila mtu, na siku aliyosahau akatia kiatu kwenye rola, karakana nzima tukamtazama, naye akatutazama, kisha akainua mguu mmoja akaruka nao mara mbili kuelekea mlangoni akiwa amekumbatia faili. Nilimpenda sana Bwana Kulwa siku ile. Naandika hivyo kwa sababu baadaye nitaandika mengine.

Kabla ya kula tulikuwa na zoezi. Niliwapanga kazini kuzunguka mashine, mmoja mlishaji, mmoja wa kusafisha, mmoja wa mafuta, halafu ghafla nagonga rimu la gari lililoning'inia dirishani na kupiga kelele, "Mtu kakamatwa!" Aliyekuwa zamu anatakiwa afike kwenye liva na kuisukuma kabla sijahesabu tano. Tulilifanya kila siku iliyokuwa na kazi. Na katika zoezi hilo hapakuwa na mtu kama Masunga. Mtu mrefu yule, mwenye miguu ya kufukuzana na ng'ombe, alikuwa hatazami hata. Rimu linalia, ameshageuka, mkono umeshashika mpini, mchanga unaruka. Sayi alikuwa wa mwisho siku zote. Nilikuwa namwambia, "Sayi, mwenzako ameshasagwa," naye anajibu, "Mwalimu, huyo kazoea kuchelewa kuokolewa na mimi." Nikawaambia wote wamtazame Masunga. Nikasema, na hili daftari nalo linakubali, "Fundi ni yule ambaye mkono wake unajua kabla ya kichwa." Niliona nimesema jambo zuri. Nililiandika kwa wino mwekundu.

Baba yake Masunga alikuja mara moja. Mzee Jilala alikuwa amempa mwanawe mwaka mmoja. Akitoka na cheti, akae mjini afanye kazi ya mashine na mzee hatasema neno; akitoka mikono mitupu, arudi Mkula achunge. Hayo Masunga alikuwa ameniambia mwenyewe, na akaniambia pia kwamba hataki kurudi, si kwa kudharau ng'ombe, ila amewahi kuona shafti ya mashine inazunguka mara moja tu alipokuwa mdogo, na tangu siku ile kila kitu kingine anakiona kimesimama. Mzee akaingia karakanani na fimbo yake, akasalimia kila mtu, akakaribishwa kiti akakataa. Akatazama sakafu muda mrefu. "Mashine iko wapi?" akauliza. Masunga akasema, "Ndiyo hii, bhabha." Mzee akaizunguka yote kwa nje bila kukanyaga mstari, ingawa hakuna aliyemwambia. "Inakula nini?" Wanachuo wakaangua kicheko, naye akacheka pia, alijua alichokuwa anafanya. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, mimi mtoto anayejifunza kukamua nampeleka kwenye ng'ombe. Simchorei." Nikamweleza habari za jineri kufungwa, za barua, za mlinzi. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua." Tulikula naye ugali wa mtama na maziwa ya mgando aliyokuja nayo kwenye kibuyu, akaondoka kabla jua halijawa kali. Nilifikiri neno lile alilisema kwa kuniamini. Siku hizi sina hakika.

Mtihani ulipatikana kwa bahati. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amefungua jineri yake binafsi kwenye barabara ya kwenda Lamadi, mashine alizinunua kuukuu akazifufua, naye akakubali mtahini atumie mashine moja kwa siku moja. Akasema tena kwamba watakaopata cheti atawachukua, ana nafasi. Bwana Kulwa alitangaza hilo mstarini na wanachuo walishangilia mpaka wapishi wakatoka jikoni. Niliomba twende siku moja kabla wakazitazame. Jibu likaja kwamba msimu umechanganya, mashine haziwezi kusimama siku mbili, na hilo lilikuwa kweli, nilifanya kazi jineri najua. Siku yenyewe lori lilitufikisha tumechelewa kwa sababu ya daraja lililokuwa linatengenezwa. Mtahini kutoka Mwanza, bwana mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa ameshakaa. Aliwaita wanachuo ndani moja kwa moja, wakachagua vikaratasi vya kazi kutoka kwenye kofia. Sisi walimu tuliwekwa nyuma ya kamba iliyofungwa mlangoni. "Mwalimu akitoa sauti," akasema, "aliye mbele ya mashine ameanguka." Ni sheria nzuri. Bila hiyo kila mwalimu angemfanyia mtihani mwanafunzi wake.

Nilipovuka mlango nikaiona liva. Iko kulia, kama ilivyokuwa siku zote za maisha yangu. Na hapo hapo, nadhani kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chokaa, nikakumbuka. Nikajiambia wataiona, wana macho. Wengi walikuwa wamechagua kazi ambazo upande hauna maana: kunoa kisu, kuvika rola ngozi, kupima nafasi kwa geji. Wawili tu waliangukia kazi ya kusimamisha mashine kwa dharura. Wa kwanza Sayi. Mashine ilikuwa inazunguka, sakafu inatetemeka, pamba inapepea hewani kama unavyojua. Mtahini akainua kitambaa chekundu. Sayi akasimama kama alivyozoea kusimama, akashangaa, akakodolea macho kushoto, akakodolea kulia, akauona mkanda, akaufuata kwa macho mpaka kwenye puli, akaenda kwa miguu yake ya kivivu, akasukuma. Mtahini, aliyekuwa anahesabu, alikuwa amefika nane kati ya kumi. Amepita. Kisha akaitwa Masunga. Nikafungua mdomo. Nakumbuka nilifungua mdomo, na nakumbuka mtahini aliniona na kuinua kidole kimoja bila kukasirika. Nikaufunga. Kama ningesema, angeanguka kwa kusema kwangu. Nisiposema, kulikuwa na nafasi kwamba atatazama. Nikachagua nafasi hiyo.

Kitambaa kikapanda. Masunga hakutazama. Aligeuka kushoto kama umeme, hatua mbili kubwa, akanyoosha mkono akaukunja ngumi, na ndani ya ngumi hapakuwa na kitu. Akakunjua, akakunja tena chini kidogo. Mahali pale palikuwa ukuta mtupu wa mashine na gunia la mbegu. Alianza kulisogeza gunia. Nilielewa alikuwa anafikiri liva iko nyuma ya gunia. Mtahini alihesabu mpaka kumi kwa sauti ya kawaida, akashusha kitambaa, na fundi wa pale akaenda upande wa kulia akaisimamisha mashine kwa kidole, akitabasamu, si kwa ubaya, kwa mazoea tu. Anayeshindwa dharura ameshindwa mtihani wote. Hiyo pia ilikuwa sheria, na hiyo pia siwezi kuilaumu. Mwingine mmoja alianguka kwa kuharibu ngozi ya rola, naye akakiri mwenyewe kwamba hakusoma. Kumi walipita.

Mchana mwenye jineri alitupa wali na sangara, na nikaomba kukaa karibu na mtahini. Nikamwambia yote, shimo, nguzo, mpini wa jembe. Aliacha kula akanisikiliza. "Nimekuelewa," akasema, "na nakuamini. Lakini rola ikimshika mtu haiulizi nani alimfundisha mwokoaji." Nikamwomba amrudie. Akaondoa mwiba kwenye samaki. "Mwalimu, nikimrudia lazima niandike sababu. Sababu ni kwamba chuo kilifundisha mashine kinyume. Wakisoma hivyo kule Mwanza hawatamrudisha huyu mmoja. Watafuta mtihani wa wote, na wewe unajua kozi hii mwakani haipo." Sikuwa najua. Alishangaa kwamba sijui. Barua ilikuwa imeshaandikwa: jineri za ushirika zikifungwa hakuna haja ya kufundisha mafundi wake, chuo kibaki na useremala na ushonaji. Nikaangalia sahani yangu. Kwenye meza ya pili wanachuo wangu walikuwa wanacheka na wali mdomoni, na Sayi alikuwa amesimama anaigiza jinsi alivyotafuta liva. "Mimi nilitazama kwanza," alikuwa anasema, "kwa sababu mimi ni mvivu, sipendi kwenda mahali mara mbili!" Masunga alikuwa anacheka pia.

Kwenye lori tulirudi tumekaa juu ya magunia matupu. Nilimsogelea Masunga nikamwambia sikioni, maana lori lilikuwa na kelele, "Masunga, liva niliichora kinyume. Kosa ni langu." Akanitazama kwa upole kabisa. "Usinitetee, mwalimu." Nikarudia. Nikamkumbusha siku ya chokaa, niliposema liva iko kulia, nikamuuliza kama alikuwepo. Akatikisa kichwa akicheka, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. "Yule bwana mashine zake ni kuukuu," akasema. "Wamezifunga ovyo. Wewe ulizifunga miaka minane." Wenzake wawili wakaitikia kwamba ndiyo, hata wao wameona mashine imekaa vibaya. Nilibishana nao mpaka njia panda. Kadiri nilivyobisha ndivyo walivyoniona mwema. Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja: "Nimemwambia." Halisemi kama nilisema kwa sauti ya kutosha. Nadhani ilitosha. Nadhani.

Wiki iliyofuata zililetwa fomu za matokeo. Kila mmoja na yake, na chini kabisa kulikuwa na mstari ulioandikwa "Maoni ya mkufunzi," mstari mmoja, mfupi kama kidole. Kwenye ya Masunga niliandika kwa herufi ndogo ili ienee: "Kosa ni la mkufunzi aliyechora mashine kinyume." Nikatia sahihi. Bwana Kulwa aliniita ofisini baada ya saa moja. Fomu ilikuwa mbele yake na pembeni fomu nyingine tupu. Hakupaza sauti. "Kaa, ndugu yangu," akasema. "Umeandika kweli?" Nikasema kweli. "Najua ni kweli. Sasa niambie, nikiipeleka hivi, wale kumi nitawaambia nini? Sayi ameshaanza kazi jana. Unataka kumi waanguke ili mmoja asianguke peke yake?" Nikamuuliza kama Masunga anaweza kutafutiwa chuo kingine. Akasema ameshauliza Mwanza, wamesema aanze upya mwaka wa kwanza, kwa ada mpya, na Mzee Jilala ameshatuma mtu kuuliza habari za mtihani. Akanisogezea ile fomu tupu na kalamu yake mwenyewe. Akatoka nje akaniacha peke yangu, jambo ambalo nalihesabu kuwa la heshima.

Nilikaa pale nadhani nusu saa. Nilifikiria kuacha mstari mtupu, lakini mstari mtupu ungesomeka kama kwamba mwalimu hana jema la kusema. Nilifikiria "Mwanachuo bora," lakini nani ataamini mwanachuo bora aliyeanguka. Mwishowe nikaandika neno moja, lile ambalo kila mwalimu huliandika kwa kila mtoto wa shule asiyejua hesabu. Nikaandika: "Amejitahidi."

Masunga alikuja kuichukua asubuhi ya pili. Alikuwa amevaa shati la kwendea safari na mkewe alikuwa nje amembeba mtoto, mizigo yao imefungwa kwenye baiskeli. Bwana Kulwa alipiga muhuri akanikabidhi mimi nimpe. Masunga aliipokea kwa mikono miwili. Hakusoma kule juu palipoandikwa matokeo, alikwenda moja kwa moja chini kwenye mstari wangu, akaweka kidole chini ya neno akalisoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaniinamia kidogo. "Wabeja, mwalimu," akashukuru. "Umeniandikia vizuri. Hii nitamwonyesha mzee." Akaanza kuikunja, akasita, akaniuliza kama muhuri umekauka, asije akauharibu. Nikaugusa kwa ncha ya kidole. Wino ulikuwa bado mbichi. Nikamwambia asubiri kidogo. Tukasimama pale, yeye ameishika karatasi mbele yetu kwa ncha za vidole, tukaupulizia kwa zamu.